Hewa Kavu ya Dodoma: Chungu, Zabibu na Midomo Inayopasuka

Mbukwenyi! Wazee wetu shikamooni, na ninyi wengine habari za mchana.

Mezani hapa kuna vipimajoto viwili vya aina moja. Kimoja kiko kama kilivyotoka dukani. Cha pili tumekizungushia pamba iliyoloweshwa maji kwenye ncha yake, na kijana wetu anakipepea kwa daftari tangu mlipoanza kuingia. Mama uliyekaa mbele, tusomee tafadhali. Kikavu kinasema 30. Chenye pamba kinasema 19.

Nyuzi 11 zimeondoka, na hakuna barafu wala umeme uliotumika. Maji yaliyo kwenye pamba yanageuka mvuke, na mvuke hauondoki mikono mitupu, unaondoka na joto. Lita moja ya maji ikikauka yote hubeba joto linalotosha kupoza lita 50 za maji kwa zaidi ya nyuzi 10. Ila hewa lazima iwe na nafasi ya kuupokea mvuke huo. Dar es Salaam hewa imeshashiba, ndiyo maana pamba hii kule ingeshuka nyuzi tatu au nne tu. Huku kwetu, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa ina njaa.

Njaa hiyo hiyo ndiyo inayopasua midomo yenu mwezi huu wa Septemba. Ndiyo inayokausha zabibu bila kuni, na ndiyo itakayopoza nyanya zenu. Kwa hiyo mambo matatu ya leo ni jambo moja, yaani maji kuondoka. Kwenye chungu na kwenye zabibu tunayasukuma yaondoke, kwenye ngozi tunayafungia mlango.

Tuanze na chungu. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa, ni ufundi wa zamani wa kupoza vyakula bila umeme, lakini aliyeutangaza ni mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, ambaye alipata tuzo ya Rolex mwaka 2000 kwa kuwasambazia wakulima wa kaskazini mwa nchi yake. Katika majaribio yake bilinganya zilikaa siku 27 badala ya tatu. Kaskazini mwa Nigeria ni pakavu kama hapa, kwa hiyo matokeo hayo tusiyapeleke Tanga.

Chungu cha nje kiwe na mdomo wa sentimita 40 hivi. Cha ndani kiwe na sentimita 32, ili pande zote ibaki nafasi ya sentimita 4. Nafasi ikiwa chini ya 3, mchanga unakauka kabla ya jioni. Ikizidi 6, ubaridi unachelewa kufika ndani na mzigo unakuwa hauinuliki. Kama hamna chungu cha ndani, tumieni sufuria ya alumini. Tena mimi naipendelea, kwa sababu inapitisha ubaridi haraka na chakula hakipati unyevu wa udongo.

Chungu cha nje ndicho chenye kazi, kwa hiyo kichagueni kwa makini. Kisiwe kimepakwa rangi wala kung'arishwa. Vile vya maua vinavyouzwa barabarani vikiwa vimepakwa rangi ya mafuta ni vizuri kwa maua tu. Kabla ya kulipa, mwombeni muuzaji maji kikombe kimoja, mmwagie kidogo kwenye ubavu. Udongo ukiyanywa na kubadilika rangi papo hapo, lipeni. Yakiteleza kama kwenye sahani, rudisheni. Na kama kina tundu chini, lizibeni kwa saruji.

Mchanga uwe wa korongo, ule wa chembe kubwa. Uchekecheni, muuoshe mpaka maji yatoke meupe. Mchanga wenye udongo unageuka tope, tope linashikana, na maji hayapandi tena ukutani. Wekeni tabaka la sentimita 5 chini, mketishe sufuria juu yake hadi midomo ilingane, kisha mjaze pembeni. Mimineni maji polepole mpaka mchanga wote ulowe bila kuelea. Mara ya kwanza hunywa lita kadhaa. Baada ya hapo ongezeni lita moja hadi mbili asubuhi na jioni. Funikeni kwa gunia au kitambaa kilicholowa.

Sasa mahali pa kukiweka. Wengi wanakosea hapa kisha wanakilaumu chungu. Wanakificha jikoni pembeni ya jiko la mkaa, au stoo isiyo na dirisha. Mvuke unatoka, unakuta hewa imesimama, na baada ya saa mbili kazi imekwisha. Chungu kinataka kivuli na upepo kwa pamoja, kwa hiyo kiwekeni barazani, juu ya matofali matatu au stendi ya chuma ili hata kitako chake kipumue. Sakafuni kitako kinalowa tu, hakipozi.

Kitafikia baridi kiasi gani? Kipimajoto chenye pamba kimeshajibu. Kikisoma 19, hakuna chungu duniani kitakachoshuka chini ya hapo, na kwa kawaida mtapata nyuzi mbili au tatu juu yake. Mvua zikianza Desemba tofauti inapungua, mtandaze mchanga juani ukauke na mkipumzishe chungu. Jokofu huweka chakula chini ya nyuzi 5. Hiki hakifiki huko hata siku moja. Nyanya, karoti, hoho, mchicha uliofungwa kwenye kitambaa, na maji ya kunywa, sawa. Nyama, maziwa, maharage yaliyopikwa, hapana.

Kuna ugonjwa mmoja wa vyungu ambao Dodoma tunaujua hata kwenye birika. Maji yetu ya visima yana chumvi na chokaa. Yanapokauka yanaacha utando mweupe nje ya chungu, na ndani ya wiki chache vitundu vinaziba. Mtaona chungu kimelowa vizuri lakini hakipozi kama zamani. Kila baada ya wiki mbili kisugueni nje kwa brashi na siki, mkisuuze. Mwenye maji ya mvua kwenye simtanki ayatunzie kazi hii na ile ya nta nitakayoifikia.

Zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili, Februari na Machi, kisha Agosti na Septemba. Mavuno ya sasa ndiyo ya kukausha. Yale ya Februari yanakutana na mvua na mtalia. Zabibu zetu nyingi zina mbegu kwa sababu zimepandwa kwa ajili ya mvinyo, kwa hiyo zabibu kavu mtakazopata zitakuwa na mbegu. Kwenye pilau hazisumbui sana. Kwenye keki wateja watanung'unika, waambieni mapema.

Zabibu ina koti la nta juu ya ngozi, ule uvumbi mweupe unaofutika kwa kidole. Koti hilo limewekwa makusudi lizuie maji yasitoke, kwa hiyo zabibu nzima ikianikwa hivi hivi inaweza kukaa wiki tatu na kuoza kabla haijakauka. Chemsheni maji yatokote. Tieni zabibu kwenye chujio la waya, mzizamishe sekunde 30 hadi 60, mzitoe na kuziingiza kwenye maji ya baridi. Itazameni moja kwa karibu, mtaona ngozi imepata nyufa nyembamba kama udongo wa mbuga wakati wa kiangazi. Hapo inatosha. Zikipasuka na kutoa juisi, mmezidisha, na nzi watawashukuru.

Kaushio si lazima liwe la fundi. Sanduku la mbao la upana wa sentimita 60 na urefu wa 90 linatosha. Ndani mnapaka rangi nyeusi isiyong'aa na kuiacha ikauke siku kadhaa mpaka harufu iishe. Juu mnafunika kwa nailoni angavu iliyoinamishwa, upande wa nyuma ukiwa juu zaidi. Toboeni matundu chini upande wa mbele na mengine juu upande wa nyuma, yote mkiyaziba kwa kipande cha chandarua kisicho na dawa. Hewa inaingia chini, inapata moto, inatoka juu na maji yake. Anayeziba matundu akidhani anatunza joto hujenga bafu la mvuke. Mkiona matone chini ya nailoni, ongezeni matundu siku hiyo hiyo, kesho yake ni ukungu.

Wavu wa kuanikia usiwe ule wa mabati wa banda la kuku. Tindikali ya tunda inakula zinki iliyopakwa juu yake. Tumieni wavu wa nailoni au chuma kisichoshika kutu. Joto la ndani liwe kati ya nyuzi 50 na 60. Likizidi 65, zabibu zinafanya ganda gumu nje na ndani zinabaki mbichi. Ukizibonyeza zinaonekana tayari, ukizifunga kwenye chupa zinachacha.

Ndiyo maana msiamini macho, aminini mizani. Kilo 5 za zabibu zilizoiva vizuri zina takriban kilo 4 za maji na kilo 1 ya vitu vikavu. Tunataka zibaki na maji asilimia 15 tu. Pigeni hesabu, mtapata kilo 1 na gramu 180 hivi. Mzigo ukiwa bado kilo moja na nusu, rudisheni juani hata kama zimekunjamana vipi. Kwa jua la sasa huchukua siku tano hadi nane, na kila jioni mnaliingiza sanduku ndani kwa sababu ya umande na panya.

Zikishafika uzito huo, zijazeni kwenye chupa kavu hadi theluthi mbili, mzifunge na kuzitikisa kila siku kwa wiki moja. Zilizokauka mno zinanyonya kwa zile zenye maji. Mkiona jasho ndani ya chupa, zote zirudi kaushioni.

Mboga za majani nitazipitia kwa haraka. Zianikeni kivulini penye upepo, si juani, kwa sababu jua kali linaua vitamini A na kuzigeuza rangi ya majani makavu. Akina bibi wanaotengeneza mlenda wa kukausha hawahitaji mhadhara wetu. Na ubuyu umetuzidi wote akili, unajikaushia ndani ya kifuu chake.

Sasa midomo. Kwenye hewa kavu midomo inapoteza maji, mtu anailamba, mate yanakauka kama ile pamba na kuondoka na unyevu mwingine. Unalamba tena, inazidi. Mafuta ya nta hayaongezi maji mwilini, yanazuia yaliyopo yasitoke. Kwa hiyo hupakwa ngozi ikiwa bado mbichi, ndani ya dakika tatu baada ya kunawa au kuoga. Anayejipaka saa nne asubuhi ngozi ikiwa imeshakuwa kama gunia anafungia ukavu ndani.

Nta ya nyuki kutoka Singida au Tabora mara nyingi huja na uchafu wa masega. Iyeyusheni kwenye maji ya mvua kwa moto mdogo, mchuje kwa kipande cha kanga kuukuu, mwache igande usiku kucha. Kesho yake kwangueni uchafu ulioganda upande wa chini. Maji ya kisima yenye chokaa yanaigeuza nta kuwa kama uji wa sabuni. Kama hamna mengine, tieni vijiko viwili vya siki kwa lita. Sufuria ya chuma cha kawaida inaitia weusi.

Kipimo ni nta gramu 20 kwa mafuta ya alizeti gramu 60. Kwa Oktoba na Novemba ongezeni nta hadi gramu 25, la sivyo itayeyuka mfukoni. Bakuli lenye nta na mafuta likae juu ya sufuria ya maji yanayochemka taratibu, lisikae juu ya moto moja kwa moja. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na ikizidi sana inawaka. Ikiwaka, funikeni kwa mfuniko na kuzima moto, msiimwagie maji. Kabla ya kumimina, dondosheni tone kwenye kijiko cha baridi, msubiri dakika mbili, mlijaribu kwa kidole. Gumu, ongezeni mafuta kijiko cha chai. Laini, ongezeni kipande cha nta.

Dada mmoja ameuliza kuhusu kutia asali. Asali ni sukari na maji, haichanganyiki na mafuta, itazama chini ya kopo, na ikinyonya unyevu inaweza kulitia ukungu. Asali pakeni peke yake, dakika 15, mnawe. Makopo yawe makavu kabisa kwa sababu hiyo hiyo. Na msitengeneze mengi, mafuta ya alizeti huanza kunuka uvundo baada ya miezi miwili au mitatu.

Ndimu usoni, tafadhali, acheni. Maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na jua likaipiga, ngozi inaungua, inatoa malengelenge na kuacha madoa meusi ya miezi. Alovera mkiikata, isimamisheni dakika 15 ule utomvu wa manjano uchuruzike kwanza, huo ndio unaowasha.

Na la kuzuia jua, hilo halitengenezwi nyumbani. Mafuta ya nazi, ubuyu, karoti, chochote mtakachosoma mtandaoni, hakuna mpishi wa jikoni anayeweza kupima kama yanazuia mionzi. Kwa mwenye ualbino kosa hilo ni saratani ya ngozi. Kule KCMC Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuzuia jua mahususi kwa ajili yao. Ulizieni kliniki ya ngozi, na kofia pana na mikono mirefu visikosekane.

Haya, sogeeni mezani. Nta imeshayeyuka, makopo ni manane tu, na kwenye ukingo wa bakuli imeanza kuganda.