Akikukalia Mgongoni: Dereva wa Nyuma kwenye Barabara za Vijijini

NEEMA: Karibuni kipindini. Leo tuko kwenye barabara ya kijijini: njia moja ya kwenda, moja ya kurudi, kona nyingi, taa hakuna, pembeni mtaro. Na nyuma yako kuna gari limekukalia mgongoni. Mimi ni Neema, niko na Salum.

SALUM: Salama, dada Neema. Kabla hatujaenda mbali, tukubaliane jambo moja. Breki za gari la nyuma huna. Usukani wake huna. Nafasi unayoimiliki barabarani ni ile iliyo mbele yako peke yake. Kwa hiyo dawa ya mtu wa nyuma tutaanza kuitafuta mbele.

NEEMA: Watu watashangaa hapo. Akili yao yote iko kwenye kioo.

SALUM: Ndiyo maana wanagonga trekta lililo mbele. Tuchukue mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kila sekunde gari linakula mita 22. Tangu uone hatari mpaka breki ianze kushika, hesabu sekunde moja na nusu. Hizo ni mita 33, na mwendo haujapungua hata kidogo. Kisha, kwenye lami kavu na tairi nzuri, ukifunga breki zote unahitaji mita nyingine kama 35 kusimama. Jumla karibu 70.

NEEMA: Na bwana wa nyuma yuko mita 8.

SALUM: Mita 8. Wewe ukifunga breki zote, naye akachukua sekunde moja na nusu ileile kushtuka, mita zake 8 zinaisha kabla hajagusa breki. Anakukuta akiwa anakuzidi mwendo kwa karibu kilomita 38 kwa saa. Hiyo ni ajali kamili, na wala hakuwa amelala.

NEEMA: Nikipunguza polepole?

SALUM: Hapo hesabu inabadilika kabisa. Ukipunguza kwa nguvu ndogo, tuseme theluthi moja ya nguvu ya breki zako, katika ile sekunde na nusu anakusogelea mita 2 au 3 tu. Anabaki na nafasi, anaona taa zako, anapunguza naye. Sasa swali: utawezaje kupunguza polepole kama gari la mbele yako limesimama ghafla?

NEEMA: Kwa kuwa mbali nalo tangu mwanzo.

SALUM: Umemaliza. Ukiwa sekunde 2 nyuma ya gari la mbele, nalo likafunga breki zote, itabidi nawe utumie karibu robo tatu ya nguvu ya breki zako. Ukiwa sekunde 4, unaweza kusimama kwa nguvu isiyofika hata nusu. Zile sekunde 2 za ziada umemnunulia mtu wa nyuma, ambaye hajui na hatakushukuru.

NEEMA: Kwa asiyejua kupima: chagua kitu kilichotulia pembeni, kibao, kivuli cha mti, kiraka cha lami. Gari la mbele likikipita, anza kuhesabu, "mia moja na moja, mia moja na mbili". Hesabu hadi wewe ufike. Mvua ikinyesha ongeza, maana hata bila mtu wa nyuma tayari unahitaji kama sekunde 4. Na mtu wa nyuma anapimwa hivyohivyo kwa kioo: wewe ukipita kivuli, hesabu hadi naye akipite.

SALUM: Ukifika "mia moja" tu naye keshapita, una mgeni. Kipimo cha haraka zaidi ni kioo cha kati: gari dogo la nyuma likiwa karibu kiasi kwamba huoni tena taa zake za mbele, mko mita chache sana.

NEEMA: Kaka Salum, tuwe wakweli. Wakati mwingine mwenye tatizo ni wa mbele.

SALUM: Mara nyingi kuliko watu wanavyokubali. Kuna dereva anayekwenda 60 kwenye kona, barabara ikinyooka anakanyaga mafuta hadi 90. Wa nyuma anakosa kumpita pale panapopitika, halafu anamkuta tena kwenye kona. Mkienda kilomita kumi hivyo, hata mtu mpole atakukalia mgongoni. Shika mwendo mmoja unaotabirika, na barabara ikinyooka usiuongeze.

NEEMA: Na angalia taa zako za breki. Rudi kinyumenyume karibu na ukuta jioni, kanyaga pedali, tazama mwanga ukutani kwa vioo. Kama zimekufa, mtu wa nyuma anajua umepunguza pale tu gari lako linapokuwa kubwa machoni pake. Hata taa zikiwa nzima, ukipunguza kwa gia peke yake haziwaki. Kwa hiyo ukishusha gia, gusa pedali ya breki pia.

SALUM: Ile kuigusa tu, kabla breki haijashika, taa zinawaka. Igusegusa mara mbili tatu kabla ya kona kali au kabla ya ng'ombe unaowaona mbele, ili ajue kinachokuja. Lakini kuna mpaka hapo. Kufunga breki ghafla ili "kumfundisha adabu" ni kumwalika akugonge. Tumeshaona hesabu yake.

NEEMA: Wengine wanawasha taa nyekundu za ukungu za nyuma.

SALUM: Ujinga ule ule kwa sura nyingine. Zinafanana na taa za breki, kwa hiyo unapofunga breki za kweli haoni tofauti. Na kuna kosa la tatu, la kimyakimya zaidi: kuongeza mwendo ili mradi atulie. Hatulii. Anakufuata kwa umbali uleule, sasa mko 100. Umbali wa kusimama umetoka karibu mita 70 hadi karibu 100, na kona iliyokuwa inapitika kwa 80 sasa inazidai tairi zako nguvu zaidi ya mara moja na nusu.

NEEMA: Basi tumwondoe. Namna gani?

SALUM: Mpishe, ila mahali uchague wewe. Kwanza usikimbilie ukingo wa barabara kwa sababu tu umekasirika. Lami ya vijijini mara nyingi imelika pembeni, na kuna tofauti ya kimo kati ya lami na udongo. Tairi za upande mmoja zikitumbukia huko ukiwa kwenye mwendo, ukikata usukani kwa nguvu kurudi, tairi inang'ang'ania ukuta wa lami, halafu inapanda ghafla na gari linarushwa upande wa pili, kwa wanaokuja. Ikikutokea, shika usukani unyooke, achia mafuta, acha gari lipungue lenyewe, kisha rudi taratibu.

NEEMA: Mahali pazuri ni wapi, basi?

SALUM: Kituo cha basi, mdomo wa barabara ya kuingia shambani, uwanja wa kugeuzia, sehemu yoyote pana na ngumu unayoiona mapema. Washa indiketa mapema, sekunde 5 kabla au zaidi. Kwa mwendo wa 80 hizo ni mita kama 110. Gusa breki kidogo, punguza taratibu, ingia pale ukiwa umeshapunguza. Akipita, tazama kioo tena kabla ya kurudi, kwa sababu nyuma yake huenda kuna wengine watatu waliokuwa wanamlaani yeye.

NEEMA: Kama hakuna pa kuingilia, lakini barabara imenyooka?

SALUM: Basi msaidie akupite haraka. Tuseme wewe uko 80, yeye anapita kwa 100. Kuanzia mita 20 nyuma yako hadi mita 20 mbele, pamoja na urefu wa magari yenyewe, ni mita 50 za kukuzidi. Kwa tofauti ya 20, zinamchukua sekunde 9. Katika sekunde hizo yeye ametembea mita 250, na gari linalokuja kwa 80 limetembea 200. Anahitaji barabara tupu ya mita 450. Sasa wewe shuka hadi 60.

NEEMA: Tofauti inakuwa 40.

SALUM: Sekunde 4 na nusu. Barabara anayohitaji inakuwa mita 225, nusu kamili. Kuachia mafuta kwako kumempunguzia nusu ya hatari, na hatari hiyo ni yako pia, maana akibanwa na lori linalokuja atajirudisha upande wako. Ndiyo sababu ukiona ameshatoka kukupita, usiongeze mwendo hata kidogo.

NEEMA: Na kumpungia mkono apite, au kumwashia indiketa?

SALUM: Mimi siungi mkono. Indiketa ileile sehemu moja inamaanisha "pita", sehemu nyingine inamaanisha "nakata kona". Na mkono wako unamfanya aache kutazama mwenyewe. Punguza, kaa upande wako, maamuzi mwachie.

NEEMA: Umetaja kukata kona. Hapo ndipo mimi naona hatari kubwa kuliko zote, na haisemwi vya kutosha. Unataka kuingia kwako, na njia iko upande wa pili, lazima ukatize kwa wanaokuja. Unapunguza. Mtu wa nyuma aliyechoka kukufuata anaona umepunguza, anafikiri unampisha, anatoka kukupita. Wewe unakata. Anakuingia ubavuni, mlangoni.

SALUM: Kabisa.

NEEMA: Kwa hiyo mpangilio uwe huu. Kioo kwanza. Indiketa kabla mguu haujagusa breki. Sogea kidogo kuelekea mstari wa kati, ili gari lenyewe liseme unakokwenda. Shuka mwendo taratibu. Na mara ya mwisho, kabla ya kugeuza usukani, tazama kioo cha upande ule na ugeuze shingo, hata kama ulitazama sekunde 3 zilizopita. Ukiona bado amekubana, au kuna kona nyuma na wanaokuja hawajui umesimama, usikate. Endelea mbele, simama mahali salama, mwache apite, geuza urudi. Umepoteza dakika 2.

SALUM: Na ukisimama kusubiri nafasi ya kukata, tairi za mbele zibaki zimenyooka. Ukiwa umeshazigeuza, akikugonga nyuma anakusukumia moja kwa moja mbele ya wanaokuja.

NEEMA: Hiyo wengi hawaijui. Barabara ya vumbi je?

SALUM: Huko anayekukaribia haoni kitu zaidi ya vumbi lako, na kokoto zako zinampiga kioo. Washa taa zako za kawaida mchana kweupe. Magari mengi yenye taa za mchana zinazojiwasha zenyewe huwasha za mbele tu, nyuma giza. Na breki kwenye changarawe zinashika kidogo sana, kwa hiyo sekunde 4 za lami hapa hazitoshi.

NEEMA: Usiku, taa zake zikikuchoma machoni, kioo cha kati kina kijiti kidogo kwa chini. Kivute au kisukume, kioo kinainama, mwanga unafifia. Cha pembeni usikikunje, utakihitaji. Sogeza kichwa kidogo.

SALUM: Malori sasa. Lori likikukaribia kwenye mteremko, usilichukulie kama jeuri. Likiwa na mzigo, dereva wake anapigania asichemshe breki, na huenda hana uwezo wa kupunguza zaidi ya hapo. Breki za upepo nazo zinachelewa kidogo kushika. Mpishe mapema, ikiwezekana kabla mteremko haujaanza. Na ukiwa umebanana naye kabisa, huenda toka kule juu hakuoni. Boneti au kioo kinakuficha.

NEEMA: Kuna yule ambaye si haraka tena, ni ugomvi. Anawasha taa kubwa, anapiga honi, ukipunguza hapiti.

SALUM: Umempa nafasi mbili tatu nzuri za kupita na hapiti: huyo usisimame naye porini, na usimwongoze nyumbani kwako. Funga milango, vioo juu, macho mbele, ishara za mkono hakuna. Nenda penye watu na taa, kituo cha mafuta au cha polisi. Simu apige abiria. Kama uko peke yako, piga ukishafika. Ukisimama, gari liwe na nafasi ya kuondoka bila kurudi nyuma.

NEEMA: Na kama kugongwa kumeshindikana kuepukika?

SALUM: Kazi yake umeifanya kabla ya kuondoka. Kiegemeo cha kichwa: juu yake iwe sawa na utosi wako, siyo shingoni, na kisogo kiwe karibu nacho, sentimita 5 hivi ikiwezekana. Wengi huviacha chini kabisa kama vilivyotoka kiwandani, na hapo shingo ndiyo inayolipa. Mizigo ya nyuma ifungwe. Ukisimama nyuma ya foleni ya mifugo au mafundi wa barabara, bakiza nafasi ya kuona tairi za gari la mbele zinavyogusa lami, gia iwe tayari, macho kwenye kioo hadi gari la nyuma lisimame kweli. Ukiona halisimami na pembeni kuna upenyo, ingia humo. Kama hakuna, kichwa nyuma kwenye kiegemeo, mguu ukandamize breki, usisukumwe ukampige wa mbele.

NEEMA: Wenye pikipiki wanauliza pia.

SALUM: Kwao kila kitu ni kilekile ila kwa haraka zaidi, kwa sababu pikipiki ikiachiwa mafuta inapungua sana bila taa ya breki kuwaka. Gusa breki ya nyuma kidogo, taa iwake, kila unapoachia mafuta. Ukisimama, simama pembeni kidogo ya gari la mbele badala ya katikati ya mgongo wake, gia ya kwanza ndani, klachi imebanwa. Na kumpisha mtu fanya mapema kuliko mwenye gari, maana wewe bampa huna.