Meli ya mafuta isiyo na mwenyewe

Mwenyekiti, walimu wenzangu, mabaharia mliopo na ndugu zangu wote, asanteni kwa kunikaribisha. Waandaaji wamenipa orodha ndefu ya changamoto za usafirishaji wa mafuta baharini: vita, maharamia, uchafuzi, uhaba wa mabaharia, mafuta mbadala, bei za kukodi meli. Nitazigusa nikiwahi. Mlionisikia siku za nyuma mnajua nitang'ang'ania wapi. Ninauliza nani mwenye meli, na nitaendelea kuuliza, kwa sababu swali hilo likikosa jibu hayo mengine yote hatuna wa kumdai.

Bendera za kukodi, meli kuandikishwa nchi isiyo ya mwenyewe, sitazieleza zaidi, mnazijua. Twende moja kwa moja mwaka 1967.

Tarehe 18 Machi mwaka huo, meli ya mafuta Torrey Canyon ilipanda miamba ya Seven Stones, kati ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza, na visiwa vya Scilly, ikiwa na tani zipatazo 119,000 za mafuta ghafi kutoka Kuwait. Nahodha alikuwa anawahi maji kujaa kwenye bandari ya Milford Haven, akakata njia. Bendera ilikuwa ya Liberia, kampuni imeandikishwa Bermuda, fedha za nyuma yake ni za Wamarekani, nahodha Mwitaliano, mzigo wa Waingereza. Serikali ya Uingereza ilifika mahali pa kutuma ndege za kivita kuipiga meli mabomu ili mafuta yaungue. Fukwe za Cornwall zikawa nyeusi, na ng'ambo ya pili, Brittany kule Ufaransa, vivyo hivyo.

Likaja suala la malipo. Mawakili wa mwenye meli wakaenda mahakamani Marekani wakadai kwamba wajibu wa mteja wao una kikomo, na kikomo ni thamani ya kile kilichosalia cha meli. Kilichosalia kilikuwa boti moja ya kuokolea watu. Thamani yake, dola 50. Fukwe za nchi mbili, wavuvi wa nchi mbili, ndege wa baharini kwa maelfu, na mezani panawekwa dola 50!

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Kampuni ile ilikuwa na meli nyingine, Lake Palourde, nduguye Torrey Canyon. Waingereza wakaivizia. Miezi kama minne baadaye ikaingia Singapore kuchukua mahitaji. Wakili mmoja kijana akapanda na hati ya mahakama mkononi. Mabaharia walimwacha apite kwa kuwa walimdhania mchuuzi wa wiski. Akaibandika hati kwenye mlingoti, na meli ikawa imekamatwa. Wafaransa walipopata habari waliifukuza kwa boti ziendazo kasi, lakini hawakufanikiwa kupanda. Mwaka 1969 mwenye meli aliyekuwa anatoa dola 50 akalipa pauni milioni 3, Uingereza na Ufaransa wakagawana.

Kisa hiki nakirudia kila ninapopewa kipaza sauti, na sababu ninayo. Ule mlingoti wa Singapore ndio uliomleta mwenye meli mezani. Ajali ile ikazaa mkataba wa 1969 wa fidia za mafuta yanayomwagika baharini, ukafuata mfuko wa kimataifa wa fidia, ukafuata mkataba wa MARPOL wa 1973, wa kuzuia meli kuchafua bahari. Baada ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, sheria ya Marekani ya 1990 ikalazimisha meli za mafuta ziwe na kuta mbili, na dunia ikafuata. Chini ya yote hayo kuna jambo moja: mwenye meli anafikika, ana mali, na ana bima inayolipa.

Najua kuna mtu hapa amekaa na takwimu zake za ITOPF, shirika linalohesabu umwagikaji wa mafuta ya meli, ataniambia: mwalimu, umwagikaji umepungua mno, unatutisha bure. Ni kweli umepungua. Miaka ya 1970 matukio ya umwagikaji wa tani zaidi ya 7 yalikuwa zaidi ya 70 kwa mwaka kwa wastani, na miaka ya 2010 hayakufika hata 10. Nafurahi pamoja naye. Ila takwimu hizo zimejengwa na wenye meli waliojua kwamba wakizembea watashikwa. Mimi nawazungumzia ambao hawashikiki, na idadi yao inakua.

Tarehe 1 Mei 2023 meli iitwayo Pablo ililipuka mashariki ya pwani ya Johor, Malaysia. Imeundwa 1997, bendera ya Gabon. Ilikuwa na mabaharia 28; 25 wakaokolewa na vyombo vilivyokuwa karibu, watatu hawakupatikana. Picha zake mmeziona, sitaha imefunuka mwanzo hadi mwisho. Na ilikuwa tupu.

Watu wa nchi kavu hushangaa hapo. Tupu, ililipukaje? Mabaharia wa mafuta hawashangai. Tangi lililojaa lina nafasi ndogo sana ya hewa. Tangi lililoshushwa limebaki na tope la mafuta chini na mvuke juu, na hewa ikichanganyika na mvuke huo kwa kiwango fulani, cheche moja inatosha. Ndiyo maana meli hizi zina mtambo wa kusukuma gesi isiyowasha ndani ya matangi, mara nyingi moshi wa boila uliooshwa na kupozwa, ili oksijeni isizidi asilimia 8. Mtambo huo unahitaji vipuri, vipimo vinavyosema kweli, na fundi anayeingia zamu kila siku. Ni matumizi ambayo abiria haoni na mteja haoni. Anayelazimika kuyatumia ni mwenye meli anayeogopa kuulizwa.

Sasa, mwenye Pablo ni nani? Kampuni ya makaratasi iliyoandikishwa Visiwa vya Marshall. Hakuna Lake Palourde. Hakuna mlingoti wa kubandika hati. Gofu lile likakaa baharini miezi na miezi, hakuna aliyeleta tagi ya kulivuta akasema hiki ni changu, na watu watatu wamepotea mle.

Namna ya kujificha ni rahisi kuliko mnavyodhani. Meli ikikaribia miaka 20, makampuni makubwa ya mafuta hayataki kuikodi tena. Zamani ingepelekwa kukatwa chuma chakavu. Siku hizi hutokea mnunuzi asiyejulikana, analipa bei nzuri kuliko ya chuma chakavu, na muuzaji mwenye jina lake la heshima haulizi. Kwa muuzaji huyo nina hasira kuliko kwa mnunuzi, kwa sababu yeye anajua. Meli inapewa kampuni yake peke yake ili isiwe na ndugu wa kukamatwa. Inabadilishwa jina, inabadilishwa bendera, safari nyingine bendera yenyewe ni ya kughushi. Mtambo wa AIS, unaotangaza meli ilipo, unazimwa au unatangaza mahali ambapo meli haipo. Mafuta yanahamishwa meli kwa meli katikati ya bahari. Kinachobaki bila kubadilika ni nambari ya IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, iliyochorwa kwenye chuma, na hata hiyo wapo wanaojaribu kuifuta.

Mtasema ni vikwazo ndivyo vilivyoleta haya. Iran, Venezuela, kisha Desemba 2022 mataifa tajiri ya G7 na wenzao walipoweka kikomo cha dola 60 kwa pipa la mafuta ya Urusi yasafirishwayo baharini. Sikatai, biashara hiyo ilipanuka sana hapo. Wala sikuja kuhukumu nani yuko sahihi katika vita vya wakubwa. Lakini kampuni ya meli moja ilikuwepo miongo mingi kabla, na wenye heshima waliitumia na wanaitumia hadi leo. Vikwazo vilikuta mlango wazi.

Linganisheni na meli ya mafuta Sounion. Agosti 2024 ilishambuliwa na Wahouthi, waasi wa Yemen, katika Bahari ya Shamu, ina bendera ya Ugiriki na mapipa yapatayo milioni moja, ikawaka moto juu ya sitaha kwa wiki kadhaa. Mwenyewe alijulikana na bima ilijulikana. Tagi zikaenda na ulinzi wa manowari, ikavutwa hadi mahali salama, mafuta yakahamishwa. Hatari ilikuwa kubwa kuliko ya Pablo mara nyingi, na ilishughulikiwa.

Halafu Safer, ile meli-ghala ya mafuta iliyotelekezwa mbele ya pwani ya Yemen. Iliundwa 1976, ndani yake mapipa zaidi ya milioni moja. Umoja wa Mataifa ulizunguka miaka ukichangisha, kwa serikali, kwa makampuni, hata kwa watu binafsi mtandaoni, ndipo Agosti 2023 mafuta yakamalizwa kuhamishwa. Mchango! Tutachangishana kwa kila gofu?

Lingine ninaloulizwa ni haki ya kupita kwa amani. Kwamba sheria ya bahari ya 1982 haimruhusu mwenye pwani kusimamisha hovyo meli inayopita. Ni kweli, na hata nje ya maji ya nchi mwenye pwani hana mamlaka mengi. Meli ya mafuta Eagle S, yenye bendera ya Visiwa vya Cook, ilidaiwa kuburura nanga Desemba 2024 na kukata nyaya za umeme na mawasiliano chini ya bahari kati ya Finland na Estonia. Finland iliwashtaki maofisa wake, na Oktoba 2025 mahakama ya Helsinki ikasema haina mamlaka. Basi tusisubiri meli ifike kwenye mlango-bahari. Mafuta hayajipakii yenyewe. Kuna bandari ya kupakia na bandari ya kushusha, na mkataba wa fidia tayari unadai kila meli iliyobeba zaidi ya tani 2,000 za mafuta mazito au ghafi iwe na hati ya bima. Bandari ipige simu kwa mwenye bima kabla ya kufunga bomba, isiridhike na karatasi. Sajili isiandikishe meli mpaka itajiwe jina la mwenyewe, mtu mwenye pumzi, siyo sanduku la posta. Muuzaji wa meli kuukuu abaki na sehemu ya dhamana kwa miaka kadhaa baada ya kuiuza. Hili la mwisho wenye meli hulichukia, wameshaniambia hivyo usoni. Azimio la IMO la Desemba 2023 kuhusu meli hizi za kivuli ni zuri, lakini linasihi tu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka, basi. Mabaharia: baharia akikaa miezi miwili bila mshahara, mkataba wa kazi za baharini unamhesabu ametelekezwa, na bima inapaswa kumlipa hadi miezi minne na kumrudisha kwao. Inapaswa, ikiwa bima ipo. Vijana wanaosaini mikataba na mawakala, waulizeni nambari ya IMO ya meli kabla hamjaacha pasipoti zenu.

Milango-bahari ya Hormuz na Bab el-Mandeb niliiandalia sehemu nzima, sitaifikia. Hewa ya ukaa pia. IMO ilijiwekea lengo la kufikia sifuri halisi karibu na 2050, na Oktoba 2025 kura ya kupitisha utaratibu wake ikaahirishwa kwa mwaka mmoja. Nitasema tu kwamba tozo yoyote ya hewa chafu italipwa na meli zenye wenyewe, na zile nyingine zitazidi kuwa rahisi kukodi. Mwenye swali kuhusu hilo aanze nalo, nina majibu marefu.