Nani Aliamua Nani Apate Barua Ipi?

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua wengi mmetoka kazini moja kwa moja, na wapo watakaorudi nyumbani kufungua kompyuta wamalizie kazi ya leo. Sitawachelewesha kwa utangulizi.

Mtu mwenye ajira akifikiria kusoma uzamili wa uchumi wa tabia, yaani somo la jinsi watu wanavyoamua mambo ya fedha na maisha kwa kweli, swali lake la kwanza huwa: nitapata nini cha kutumia ofisini? Mimi pia nilianza nalo. Nilitaka mbinu, tena za kutumia wiki hiyohiyo. Niwaeleze zilinifikisha wapi.

Nilikuwa katika idara inayofuatilia wateja wanaochelewa kulipa. Muhula wa kwanza tukasomeshwa makala ya wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky iliyotoka mwaka 1979 katika jarida la Econometrica. Wanasema mtu hapimi jumla ya alichonacho. Hupima kilichoongezeka au kilichopungua kuanzia pale alipozoea, na hasara humuuma kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomfurahisha. Mwaka 1992 wakakadiria kwamba hasara ina uzito wa mara mbili na robo hivi. Niliisoma saa nne usiku, watoto wamelala, na asubuhi nikaingia ofisini nikiwa na barua mpya kichwani. Barua ya zamani ilisema: ukilipa kabla ya tarehe fulani utapata punguzo. Yangu ikasema: usipolipa kabla ya tarehe hiyo utapoteza punguzo lako. Punguzo lenyewe halikubadilika hata kidogo.

Wenzangu wakazituma zote mbili. Baada ya wiki sita, waliopata barua yangu walikuwa wamelipa zaidi, tena kwa mbali. Nikampelekea mwalimu wangu matokeo nikitarajia pongezi. Akasoma ukurasa mmoja, akaweka kalamu mezani, akauliza: "Nani aliamua nani apate barua ipi?"

Sikuwa na jibu. Nilipouliza ofisini, nikaambiwa barua mpya ilipelekwa kwanza kwa wateja ambao anwani na namba zao za simu zilikuwa sahihi kwenye faili. Sasa hebu fikirini, mteja anayesasisha anwani yake ni mteja wa aina gani? Huyo angelipa hata kwa barua ya zamani. Tofauti niliyoipima ilikuwa ya wateja. Kuhusu barua sikuwa nimejua chochote.

Swali lile la mwalimu ndilo ninaloona tunalipia ada. Visa vya kusisimua kuhusu akili ya binadamu vimejaa kila mahali, na huhitaji kusajiliwa popote ili kuvisoma. Kinachofundishwa darasani, na kinachochosha kweli, ni takwimu, ekonometriki (takwimu za kupima mambo ya uchumi), jinsi ya kupanga jaribio, jinsi ya kukadiria sampuli, yaani watu wangapi wapimwe, kabla hujaanza. Hisabati ipo na haikwepeki. Aliyeiacha miaka kumi iliyopita aanze kuirudia miezi kadhaa kabla ya muhula.

Nasisitiza upimaji kwa sababu taaluma hii yenyewe imeumia pale upimaji ulipolegea. Mwaka 2012 ilichapishwa makala iliyodai kwamba mtu akitia sahihi ya kuahidi ukweli mwanzoni mwa fomu badala ya mwishoni, husema ukweli zaidi. Mwaka 2021 jarida liliifuta, baada ya dalili nzito kuonyesha kwamba data ya jaribio lake mojawapo ilikuwa ya kughushi. Kati ya hapo kuna watu waliokwisha kubadilisha fomu zao wakiitegemea.

Hata pale ambapo hakuna udanganyifu, kuna jambo lingine. Stefano DellaVigna na Elizabeth Linos walichapisha mwaka 2022 ulinganisho ambao ningependa kila mmoja wenu ausome. Walichukua majaribio 126 ya ofisi mbili za Marekani zinazojaribu visukumo vidogo, yaani mabadiliko madogo kama maneno ya barua au mpangilio wa fomu, katika huduma za umma, yaliyogusa watu zaidi ya milioni 23, wakayalinganisha na yale yaliyochapishwa na wasomi. Katika majarida, wastani wa mabadiliko ulikuwa pointi 8.7 za asilimia, yaani kama vile kutoka watu 20 hadi 28.7 katika kila mia. Katika ofisi zile, 1.4. Sehemu kubwa ya pengo hilo inatokana na majarida kupenda matokeo makubwa, na sampuli ndogo zinazoyazalisha. Mkuu wako wa idara akikuahidia bajeti kwa kutegemea ile 8.7, utakuja kumweleza nini?

Msinielewe vibaya. Pointi 1.4 kwa mamilioni ya watu ni watu wengi, na barua haigharimu sana. Yapo pia matokeo makubwa ambayo yamesimama. Brigitte Madrian na Dennis Shea walionyesha mwaka 2001, katika kampuni moja ya Marekani, kwamba wafanyakazi wapya walipoandikishwa moja kwa moja kwenye akiba ya uzeeni, wakiwa huru kujitoa, ushiriki ulipanda kutoka takriban nusu hadi asilimia 86. Lakini endeleeni kusoma makala hiyo: wengi walibaki palepale kwenye kiwango cha mchango walichopangiwa, asilimia 3, hata wale ambao huenda wangejiwekea zaidi. Mtu aliyewahi kutengeneza fomu kazini huona haraka uzito wa jambo hili. Anajua kwamba kuna siku mtu mmoja alikaa mezani akaandika ile 3, pengine bila kufikiri sana. Hapo ndipo mwanafunzi mwenye ajira anapomzidi mwenzake anayesoma muda wote.

Sasa tasnifu. Utafiti wa Roger Buehler na wenzake wa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Wastani wa makadirio ulikuwa siku 34 hivi. Wastani halisi ukafika siku 55. Na hao walikuwa wanafunzi wa kusoma muda wote. Kwa hiyo usijiulize wewe utachukua muda gani. Waulize waliokutangulia, wenye kazi kama yako, wao walichukua muda gani, kisha uchukue jibu lao kama lilivyo.

Ukitaka kutumia data ya ofisi yako, pata ruhusa kwa maandishi kabla ya kuandika pendekezo. Ahadi ya mdomo hupotea meneja akihamishwa. Kamati ya maadili nayo itakuuliza kama wenzako wanaweza kukataa kushiriki ikiwa wewe ndiye bosi wao. Ni swali la haki kabisa, na huchukua wiki kulijibu vizuri.

Barua zangu nilizirudia mwaka uliofuata. Safari hii kompyuta ndiyo iliyogawa wateja kwa nasibu, na hakuna mtu ofisini aliyeruhusiwa kubadilisha orodha. Tofauti ikatoka ndogo, ndogo sana kuliko ile ya kwanza, ila ilikuwepo. Mwalimu alipofungua kazi yangu nilimwonyesha orodha ile kabla hajauliza.