Safura, Damu na Mzungu Maskini

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Najua foleni ya leo ilivyokuwa, na naona mvua imewalazimisha wengine kuacha viatu pale mlangoni. Kwa mada yangu, kutembea peku si jambo dogo, na mtaona kwa nini.

Nianze na swali. Nani humu aliwahi kupangwa mstari shuleni akamezeshwa dawa ya minyoo? Naam, karibu wote. Basi neno safura mnalijua hata kama hamkuugua. Wazee wetu walimtambua mtoto wa safura kwa macho tu: uso umepauka na kuumuka, tumbo limetangulia, miguu mizito, ukimtuma dukani anakaa njiani. Pengine utamkuta kwenye kiambaza akila udongo. Mwalimu asiyejua humchapa kwa uvivu. Bibi yake humwambia mwalimu, "Mwanangu, huyu anaumwa."

Mtu ninayetaka kuwaeleza jioni hii ana uso huohuo, anakula udongo uleule, anatembea peku, na anaitwa mvivu. Ila ni Mzungu, yuko kwenye vilima vya mchanga vya Georgia au Carolina, na mwaka ni 1850.

Wamarekani wamempa majina mengi. Walimwita mla-udongo. Walimwita "cracker", neno ambalo afisa mmoja wa Kiingereza mwaka 1766 alilieleza kuwa limetokana na majigambo yao. Baadaye likaja "hillbilly", mtu wa milimani, na "redneck", shingo nyekundu. Lakini lililo baya kuliko yote ni "white trash", yaani takataka nyeupe, na hilo nataka tukae nalo kidogo.

Kwa nini nyeupe? Ukimwita mtu takataka umeshamtukana, umemaliza. Rangi inaongeza nini? Sisi wenyewe hatusemi "maziwa meupe" tukiagiza chai, kwa sababu hakuna anayetarajia mengine. Unataja rangi pale tu unapodhani msikilizaji atashangaa. Ndani ya tusi hilo, basi, kuna dai limejificha: kwamba takataka ya kawaida si nyeupe. Anatukanwa Mzungu maskini aliyetajwa, na kwa pigo lilelile anatukanwa mtu mweusi ambaye hakutajwa kabisa. Mimi hii huniudhi kuliko tusi lenyewe, maana wengi hulitumia wakidhani halituhusu.

Na hapa historia inatuchezea shere. Mwigizaji Mwingereza Fanny Kemble, aliyefika Marekani katika miaka ya 1830, aliandika kwamba watumwa weusi wenyewe ndio waliowaita watumishi Wazungu kwa jina hilo. Sishangai. Mtu aliyenyimwa kila kitu, akimwona mwenye rangi ya bwana lakini hana shamba wala nguo, atacheka. Kicheko cha mtumwa kilikuwa na maana moja. Neno lilipopanda ghorofani, likaingia vinywani mwa mabwana wenye mashamba, likawa na kazi nyingine.

Kazi hiyo ilikwisha kuanza kabla ya neno. Mwaka 1728 tajiri mmoja wa Virginia, William Byrd, alikuwa miongoni mwa waliotumwa kupima mpaka kati ya Virginia na North Carolina. Njiani aliwakuta walowezi Wazungu wasio na kitu, akaandika kwa kejeli kwamba nchi yao ni nchi ya wazembe: wanaume wanalala, wake zao wanahangaika, jua likipanda wanaegemea uzio na kutazama shamba. Maandishi yake yanachekesha, siwezi kukataa. Lakini mkumbuke anayecheka ni nani. Byrd alikufa akiwa na zaidi ya ekari 150,000, zikilimwa na watumwa. Mtu ambaye hakuwahi kushika jembe alikuwa akiwahukumu wengine kwa uvivu.

Tuje kwenye uchumi, nitapita haraka. Sensa ya 1860 ilionyesha kwamba majimbo ya utumwa yalikuwa na Wazungu takribani milioni 8, na waliomiliki watumwa hawakufika 400,000. Ardhi nzuri ya mabondeni kando ya mito ilinunuliwa na wenye watumwa. Asiye nao alisukumwa kwenye mchanga na misitu ya misonobari. Akitaka kibarua, anashindana na mtu asiyelipwa hata senti. Hakuna mwenye jembe anayeweza kushinda ushindani huo, awe na bidii ya siafu.

Sasa jiwekeni mahali pa bwana mwenye shamba. Umejenga nchi nzima juu ya hoja moja: kwamba Mzungu amezaliwa kutawala, na mweusi amezaliwa kutumika. Halafu kila siku, kwenye njia panda, unapishana na maelfu ya Wazungu waliovaa matambara. Hawa ni ushahidi dhidi yako. Kama weupe ni ubora, hawa wamekosa nini? Ukijibu kwamba wamenyimwa ardhi, umejishtaki. Basi unatafuta jibu lingine, nalo ni damu. Mwaka 1860, wakili wa Alabama aitwaye Daniel Hundley alichapisha kitabu akidai kuwa hawa ni wazawa wa wafungwa na mafukara walioletwa kutoka Uingereza, wameoza tangu kwenye mizizi. Si Wazungu hasa, kwa maneno mengine. Wanafanana nao tu. Na mtu wa Carolina Kaskazini aliyekuwa ametoa jibu la kinyume tangu mwaka 1857, Hinton Helper, aliyesema kwamba utumwa ndio uliowafukarisha, kitabu chake kilipigwa marufuku sehemu nyingi za Kusini.

Vita vikaja, utumwa ukafutwa, hoja ya damu ikabaki. Hadi mwaka 1902.

Mwaka huo Charles Wardell Stiles, mtaalamu wa wadudu wanaoishi ndani ya miili, alitangaza kwamba ugonjwa ulioenea kwa maskini wa Kusini ni safura. Gazeti moja la New York likampachika mnyoo huyo jina la kijidudu cha uvivu. Watu walicheka sana, lakini Stiles alikuwa anasema kweli. Mnyoo anaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu ulio peku, mahali pasipo na choo. Anafika tumboni, ananyonya damu taratibu miaka nenda miaka rudi. Mgonjwa anapauka, anachoka, mtoto hakui, darasani haelewi. Na wengine hutamani udongo. (Akina mama mnaotabasamu hapo mbele, ndiyo, ni jamaa wa hamu ileile inayouza pemba sokoni.)

Stiles alimpa mnyoo huyo jina la kisayansi lenye maana ya muuaji wa Kimarekani. Pasipoti hiyo ni ya bandia. Inaaminika kwamba alitoka Afrika, akavuka bahari ndani ya matumbo ya watu waliofungwa minyororo. Mabwana waliwaleta watumwa, watumwa wakaja na mnyoo, mnyoo akamwingia Mzungu maskini kupitia nyayo, kisha wajukuu wa mabwana wakasema: tazameni damu yake ilivyo mbovu.

Mwaka 1909 tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1 kupambana na safura. Tume yake ilifanya kazi katika majimbo 11 hadi 1914, na ilikuta takribani watoto 4 katika kila 10 waliopimwa wana minyoo. Dawa ilikuwa thimoli na chumvi ya kuharisha. Watu walikuja na mikokoteni, na vikapu vya chakula, kama wanaokwenda mnadani. Waliokasirika walikuwa wakubwa wa Kusini, walioona wamedhalilishwa na tajiri wa Kaskazini. Wengine walieneza uvumi kwamba Rockefeller anataka kuanza biashara ya viatu! Mimi uvumi huo naupenda. Maskini aliyewahi kuliwa hujua kwamba hakuna cha bure.

Mngetarajia kwamba baada ya hapo habari ya damu imekwisha. Uvivu umepatiwa dawa. Wala. Miaka hiyohiyo ilipamba moto elimu waliyoiita yujeniki, ya kupanga nani azae na nani asizae, na waliowindwa kwanza walikuwa hao maskini weupe. Wasomi walikwenda vijijini kuchora koo: huyu mlevi, mama yake kahaba, mtoto wake punguani. Mtu mweusi tayari alikuwa amefungiwa nje kwa sheria, hakuna aliyehitaji kuthibitisha lolote. Mzungu maskini ndiye aliyeonekana hatari, kwa kuwa angeweza kuoa ndani ya nyumba za Wazungu wenzake. Nitarudi hapa.

Nipitie yale majina mengine. Shingo nyekundu ni ya mkulima aliyechomwa na jua, hilo halina fumbo. Lakini mwaka 1921 huko West Virginia wachimba makaa ya mawe wapatao 10,000 walipoandamana kwa silaha kuelekea Blair Mountain kudai haki ya chama chao, walifunga vitambaa vyekundu shingoni ili watambuane. Walikuwamo Wazungu wa milimani, weusi, na wahamiaji Waitaliano. Magazeti yaliyoendelea kumchora mtu wa milimani kama mlevi mwenye bunduki hayakuwa na pa kuliweka jambo hilo.

Na picha maarufu kuliko zote ya umaskini wa Wazungu Marekani, yule mama aliyepigwa picha California mwaka 1936, kashika shavu, watoto wamejificha mabegani mwake? Jina lake Florence Owens Thompson, na alikuwa Mcherokee, mwenyeji wa bara lile. Mzungu maskini maarufu kuliko wote hakuwa Mzungu.

Mtaniuliza, sisi tunaingiaje? Tunalo neno kaburu. Leo tukilisema tunawaza ubaguzi wa Afrika Kusini, bunduki na mbwa. Lakini linatokana na "Boer", ambalo kwao ni mkulima tu. Makaburu walipofika Uasin Gishu mwaka 1908, wakalima pale ambapo Eldoret, Sisibo ya wazee, iliota baadaye, walowezi wa Kiingereza waliwadharau waziwazi: hawana elimu, hawaogi, wanaishi kama Waafrika. Hilo la mwisho ndilo lililotisha. Serikali ya kikoloni ya Kenya ilitaka mlowezi mwenye mtaji. Mzungu aliyefilisika alikatiwa tiketi ya meli arudishwe kwao, asije akaonekana anaomba. Heshima ya Mzungu ilikuwa sehemu ya silaha za dola. Ndiyo maana hadi leo, katika Kiswahili chetu, "mzungu maskini" linasikika kama kichekesho. Walifanya kazi nzuri ya kumficha.

Afrika Kusini hawakuweza kumficha, walikuwa wengi mno. Tume iliyogharimiwa na fedha za shirika la Carnegie la New York ilitoa taarifa mwaka 1932, ikakadiria mafukara Wazungu kuwa zaidi ya 300,000. Walitengewa kazi za reli na kuinuliwa, na aliyelipa ni Mwafrika aliyeondolewa kwenye kazi hizo. Aliyekuwa takataka akageuzwa ukuta.

Nirudi Virginia sasa, nimalizie hapo.

Carrie Buck alizaliwa Charlottesville mwaka 1906. Mama yake, Emma, alikuwa fukara, akawekwa kwenye taasisi ya wenye kifafa na "mapunguani". Carrie alilelewa na familia nyingine, iliyomtoa shule ili afanye kazi za nyumbani. Akiwa na miaka 17 alibakwa, kwa maelezo yake mwenyewe, na mpwa wa mama mlezi wake, akapata mimba. Familia ikaona aibu. Yeye ndiye aliyepelekwa kwenye taasisi aliko mama yake, na mtoto, Vivian, wakabaki naye.

Jimbo lilikuwa limepitisha sheria ya kufunga vizazi vya watu wa namna hii, likatafuta kesi ya kuipima. Lilihitaji kuonyesha kasoro katika vizazi vitatu: bibi, mama na mtoto. Mtoto Vivian alitazamwa akiwa na miezi saba, na shahidi akaiambia mahakama kwamba kuna kitu hakiko sawa sawa katika sura yake. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya Marekani. Tarehe 2 Mei 1927, kwa majaji 8 dhidi ya 1, Carrie alishindwa, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya mapunguani vinatosha. Mwezi Oktoba wakamfunga kizazi. Kwa jumla Marekani iliwafunga vizazi watu zaidi ya 60,000, na gavana wa Virginia aliomba radhi mwaka 2002, Carrie akiwa ameshakufa miaka 19.

Vivian aliugua akafa mwaka 1932, ana miaka minane. Lakini alikwisha kwenda shule, na ripoti zake zipo. Tabia, alama za juu. Masomo mengi, wastani au zaidi. Hesabu ilimsumbua, kama ilivyonisumbua mimi. Na mwezi Aprili 1931 jina lake liliandikwa kwenye orodha ya wanafunzi bora wa shule.