Ubwiriunga Hausubiri Mvua

Wakulima wenzangu wa zabibu, hili la ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wenye unga mweupe, nilishalisema Hombolo, nikalisema Mpunguzi, na leo nalirudia maana bado naulizwa swali lile lile: "Dodoma kukavu namna hii, ukungu utatoka wapi?"

Haya. Nani hapa ana ndugu Mtwara au Newala? Mpigie umuulize wanapuliza salfa kwenye mikorosho lini. Atakwambia Juni, Julai, mpaka Agosti, vumbi linatimka na mvua hawajaiona. Wanapambana na ubwiriunga. Huo wa mikorosho si huu wetu wa mizabibu, kila mmoja una mti wake, lakini ukoo ni mmoja na tabia ni hiyo hiyo: hauhitaji jani lililoloa ili uote. Unataka kivuli, unyevunyevu wa hewani na joto la wastani, nyuzi 20 hadi 27 hivi. Jua kali la nyuzi 35 ndilo linaloudhoofisha. Sasa niambie, kwenye mzabibu ambao haujaguswa tangu ulipopogolewa, jua linapenyea wapi? Ingiza mkono katikati ya majani saa sita mchana, utakuta ubaridi. Halafu mnalaumu hali ya hewa!

Yupo atakayesema: mimi nikiuona unga napiga dawa. Baba, ukiuona umeshachelewa. Ule unga mweupe ndio uzao wenyewe, na upepo umeshaupeleka mstari wa pili. Zabibu inashikwa kirahisi kuanzia maua mpaka wiki tatu, nne baada ya punje kutunga. Linda hapo. Punje iliyoshikwa ikiwa changa, ngozi yake haitanuki tena. Nyama ya ndani inaendelea kukua, ngozi inapasuka, mbegu zinachungulia nje. Peleka kichala cha namna hiyo kiwandani uone watakavyokuangalia. Na siku hiyo ndiyo mnayonipigia simu.

Kwa hiyo punje zikishatunga, ondoa majani yanayofunika vichala, upande wa jua la asubuhi. Upande wa jioni yaache, jua litazibabua. Naona mama pale nyuma anatikisa kichwa. Mama, sijasema uuvue nguo zote.

Ubwirivinyoya, ukungu mwingine wa mzabibu, ndio wa mvua, Desemba hadi Aprili. Juu ya jani doa la njano kama limedondokewa mafuta; geuza, chini vinyoya vyeupe. Huo hausikii salfa. Unataka dawa ya shaba, tena ipigwe kabla mvua haijanyesha. Wafaransa walitangaza dawa ya mrututu, yaani chumvi ya shaba, na chokaa mwaka 1885 baada ya kuona mizabibu iliyopakwa mchanganyiko huo kuwatisha wezi wa zabibu kandokando ya barabara ndiyo iliyobaki na majani. Kisa kitamu, siku nyingine.

Naonyeshwa saa. Haraka haraka: salfa usipige jua likiwa utosini, inaunguza majani. Dawa moja usiirudie msimu mzima, na usidanganywe na jina la kopo. Soma kiambato, makopo mawili tofauti yanaweza kuwa dawa ile ile. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zimeandikwa kwenye kibandiko, zifuate. Ya nozeli za pampu sitayafikia leo.

Mwenye jani lenye doa aje nalo hapa mbele, lakini likiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Msilipitishe mkono kwa mkono halafu kila mtu akarudi nalo shambani kwake.