Kenda Shika au Kumi Nenda Uje: Hesabu ya Shaka katika Chemsha Bongo ya Televisheni

Mheshimiwa mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Naomba nianze na simu. Tarehe 19 Novemba 1999, mtumishi wa idara ya kodi ya Marekani aitwaye John Carpenter alikuwa ameketi katika kiti cha Who Wants to Be a Millionaire, dola 500,000 zikiwa zake tayari na swali la mwisho likiwa mbele yake. Aliulizwa ni rais yupi kati ya wanne aliyewahi kutokea katika kipindi cha vichekesho cha Laugh-In. Hadi hapo hakuwa ametumia hata msaada mmoja kati ya mitatu aliyoruhusiwa, na sasa akaomba kumpigia simu baba yake. Watazamaji walidhani kwamba hatimaye bwana huyu amekwama. Kumbe alimpigia mzee ili kumweleza kwamba hahitaji msaada wake; alitaka tu ajue kuwa mwanawe yu karibu kushinda dola milioni moja. Akamtaja Richard Nixon, akashinda, akawa mtu wa kwanza kufika kileleni mwa mchezo huo nchini Marekani.

Nimekisimulia kisa hiki kwa sababu ni cha nadra. Carpenter hakuwa na shaka, ilhali mada yangu ni shaka. Tumezoea kusema kwamba mashindano ya chemsha bongo yenye donge nono hupima maarifa, nami nadhani tunakosea. Maarifa peke yake hupimwa vya kutosha na karatasi ya mtihani, ambako jibu baya halimnyang'anyi mtu alama alizokwisha kuzipata. Pale ambapo fedha iliyokwisha kupatikana inaweza kupotea kwa neno moja, kinachopimwa ni jambo jingine kabisa, nalo ni kiasi ambacho mtu anajua kwamba anajua. Hayo ni mambo mawili, na wako watu wenye elimu kubwa wasio na hata chembe ya hilo la pili.

Mchezo wa kurudufu dau ni mkongwe kuliko televisheni yenyewe. Mwaka 1940 redio ya CBS nchini Marekani ilianzisha kipindi cha Take It or Leave It, ambamo swali la kwanza lilikuwa la dola 1, la pili la dola 2, na kuendelea hivyo hadi dola 64. Tarehe 7 Juni 1955 kampuni hiyohiyo iliuleta mchezo huo katika televisheni ikiwa imezidisha zawadi mara elfu, ukaitwa The $64,000 Question. Mshiriki alichagua fani yake mwenyewe: kapteni mmoja wa kikosi cha wanamaji alishinda kwa mapishi, na mwanasaikolojia Joyce Brothers akashinda kwa ngumi. Dau lilipokuwa kubwa, mshiriki alirudi nyumbani kufikiri kwa wiki nzima kama aendelee au achukue chake aondoke, na aliyeteleza katika ngazi za juu alifutwa machozi kwa gari aina ya Cadillac. Hapa pana jambo ambalo ningependa mlishike, kwa sababu nitalirudia. Mshiriki wa mwaka 1955 alikata shauri kabla ya kulisikia swali. Alikuwa akiuziwa mbuzi kwenye gunia, na alichoweza kukitegemea ni ujuzi wake wa jumla katika fani yake, si ujuzi wa swali lile mahususi.

Aliyetazama nyumbani alikuwa na kitu kimoja tu cha kusubiri, yaani jibu. Ama mtu anajua, ama hajui. Kwa mtengenezaji wa kipindi hiyo ni hatari, maana mshiriki anayependwa na watazamaji anaweza kuondoka usiku wowote kwa sababu ya swali moja, na mdhamini anayelipa gharama hapendi habari kama hiyo. Ndipo likaja lile doa la kipindi kingine cha chemsha bongo, Twenty-One cha televisheni ya NBC. Herb Stempel, aliyekuwa bingwa, aliagizwa akosee swali kuhusu filamu iliyotwaa tuzo kuu ya Oscar ya mwaka 1955, filamu ya Marty ambayo aliijua vizuri sana, na tarehe 5 Desemba 1956 akaondolewa na mhadhiri kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, Charles Van Doren. Van Doren aliondoka na dola 129,000, na tarehe 2 Novemba 1959 alikiri mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kwamba alikuwa akipewa majibu. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili iwe kosa kupanga matokeo ya mashindano ya namna hiyo. Watu wengi husimulia mkasa huu kama habari ya tamaa, na tamaa kweli ilikuwapo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, kasoro ilianzia katika umbo la mchezo wenyewe: mvuto wote ulipowekwa juu ya jibu, aliyetaka kuudhibiti mvuto alilazimika kulidhibiti jibu.

Kwa hiyo Who Wants to Be a Millionaire, kipindi cha Waingereza kilichoanza kurushwa na ITV tarehe 4 Septemba 1998, kikiongozwa na Chris Tarrant, kilifanya jambo la werevu mkubwa ambalo halisifiwi inavyostahili. Kilimwonyesha mshiriki swali kwanza, kikamwekea majibu manne mezani, moja likiwa sahihi, kisha kikamruhusu kuondoka. Gunia likafunguliwa, mbuzi akaonekana. Kuanzia hapo mvuto ulihama kutoka katika jibu ukaingia katika uamuzi, na uamuzi wa mtu hauhitaji kupangwa na yeyote, kwa kuwa huvutia hata pale mtu anapoamua vibaya, na pengine hasa hapo. Mtazamaji anayelijua jibu hapumui vizuri anapomwona mwenzake akilizunguka bila kuligusa. Asiyelijua naye hana raha, kwa sababu anajiuliza: ningekuwa mimi, ningethubutu?

Sasa twende kwenye hesabu. Ngazi ya awali ya mchezo huo ilikuwa na maswali 15, yenye vituo viwili ambavyo fedha yake haipotei: pauni 1,000 na pauni 32,000. Mshiriki aliyefika 32,000 na kuonyeshwa swali la 64,000 hana cha kupoteza hata akikosea, hivyo anayeondoka hapo bila kujibu ametupa bahati yake jalalani. Ugumu huanza baada yake. Aliye na 64,000 akijibu vibaya anashuka hadi 32,000, na akijibu vizuri anapanda hadi 125,000. Tukigawa kinachopotea, yaani 32,000, kwa tofauti kati ya kilele na shimo, ambayo ni 93,000, tunapata kwamba inatosha awe na uhakika wa asilimia 34 ili wastani wa mapato yake usipungue. Katika swali la 250,000 kiwango hicho ni asilimia 43, katika swali la 500,000 ni 47, na katika swali la milioni ni 48.

Tazameni takwimu hiyo ya mwisho kwa makini. Mshiriki mwenye 500,000 ambaye bado ana msaada wa kupunguza majibu manne yawe mawili anaweza kuutumia, kisha akafumba macho na kurusha sarafu. Nafasi yake ni asilimia 50, na wastani wa mapato yake ni 516,000, ambayo ni zaidi ya zile alizonazo. Hesabu inamwambia arushe sarafu. Je, kuna mmoja wenu katika ukumbi huu ambaye angerusha? (Naona mkono mmoja kule nyuma, tutaonana baadaye.)

Wahenga walisema heri kenda shika kuliko kumi nenda uje, na ukiwasikiliza vizuri utaona kwamba walikuwa wakali: kumi ya kubahatisha waliikataa hata kwa hasara ya moja. Mwanahisabati Daniel Bernoulli alijaribu kulieleza jambo hili mwaka 1738. Alisema kwamba thamani ya fedha kwa mtu haiongezeki sawasawa na wingi wake, kwa kuwa shilingi moja kwa maskini si shilingi moja kwa tajiri, na akapendekeza kwamba thamani hiyo ipimwe kwa logarithimu, yaani kipimo kinachopanda polepole zaidi kadiri wingi unavyozidi. Nimelipigia hesabu swali letu la milioni kwa kanuni yake. Mshiriki ambaye nje ya studio hana kitu kabisa anapaswa kuwa na uhakika wa asilimia 80 kabla ya kujibu. Aliye na pauni 100,000 za akiba anahitaji asilimia 71, na aliye na milioni yake nyumbani anatosheka na 57. Swali ni lile lile, majibu manne ni yale yale, vitabu walivyosoma ni vile vile, lakini anayejibu kwa ujasiri ni yule mwenye mto wa kuangukia. Huwa nasikia watu wakimsifu mshiriki fulani kwamba ana moyo wa simba. Siku hizi nauliza kwanza ana nini benki.

Hata hivyo hesabu yote hiyo inasimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mtu anaweza kuutaja uhakika wake kwa usahihi. Angalieni msaada wa simu. Rafiki hupewa sekunde 30, na karibu kila mara, baada ya kutaja jibu, huulizwa ana uhakika kiasi gani, naye hutaja asilimia. Asilimia hiyo ndiyo bidhaa inayonunuliwa. Jibu lenyewe ni karatasi ya kuifungia. Bahati mbaya ni kwamba watu wengi wakisema asilimia 80 hawapatii mara 80 katika 100. Watabiri wa hali ya hewa hukaribia kupatia, kwa sababu kila siku hutoa kadirio na kila siku mvua huwasahihisha. Mshiriki wa chemsha bongo huketi pale mara moja maishani, na hana mvua ya kumsahihisha. Msaada wa kuwauliza watazamaji huliepa tatizo hili: asiyejua hubonyeza popote, wasiojua hutawanyika katika majibu manne, na wachache wanaojua hurundikana mahali pamoja. Ndiyo maana nchini Marekani watazamaji wa studio walipatia mara zaidi ya 90 katika 100, ingawa jambo hilo huharibika pale swali linapokuwa na jibu baya ambalo kila mtu amewahi kulisikia.

Mwaka 2010 Channel 4 ya Uingereza ilikuja na mchezo wa The Million Pound Drop, ambao uliupindua utaratibu wote. Badala ya kupanda ngazi, washiriki, ambao kwa kawaida walikuwa wawili, walikabidhiwa pauni milioni moja taslimu mwanzoni, mafungu 40 ya pauni 25,000, wakatakiwa kuyapanga juu ya milango ya majibu. Mlango mmoja lazima ubaki mtupu. Milango ya majibu mabaya hufunguka na fedha hutumbukia. Kihesabu huu ni mchezo wa huruma zaidi, maana mwenye shaka anaweza kugawa fedha yake. Lakini tazama nyuso za washiriki. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza humzidi mtu nguvu kuliko furaha ya kupata kiasi kile kile. Aliyepanda ngazi hadi 100,000 hushangilia. Aliyeanza na milioni na kubakiwa na 100,000 huondoka kama mtu aliyetoka mazishini.

Mchezo huo ulipopelekwa Marekani, ulizaa kisa ambacho huwa nawapa wanafunzi wangu. Wachumba wawili waliulizwa ni kipi kilianza kuuzwa kwanza kati ya kompyuta ya Macintosh, Walkman ya Sony na karatasi za kubandika za Post-it. Wakaweka dola 800,000 kwenye karatasi, zikatumbukia, kwa kuwa jibu la kipindi lilikuwa Walkman, iliyotoka mwaka 1979. Baadaye ilibainika kwamba karatasi zile zilikwisha kuuzwa kwa majaribio katika miji minne mwaka 1977, kwa jina jingine. Watengenezaji walikiri kwamba taarifa yao haikuwa kamili. Mshiriki, kwa hiyo, hakisii tu jibu la kweli. Anakisia jibu lililomo katika karatasi ya mtengenezaji.

Nimalizie na Jeopardy!, chemsha bongo ya televisheni ya Marekani, kwa sababu huko dau huwekwa dhidi ya wapinzani. Katika raundi ya mwisho kila mshiriki huandika kiasi cha kuhatarisha akiwa ameona jina la mada tu; mbuzi amerudishwa guniani. Mwaka 2019 James Holzhauer, mcheza kamari wa kulipwa kutoka Las Vegas, alikuwa ameshinda mara 32 mfululizo na kukusanya zaidi ya dola milioni 2.4 kwa kuweka madau ambayo hakuna aliyewahi kuthubutu kuyaweka. Katika mchezo wa 33, uliorushwa tarehe 3 Juni, aliingia raundi ya mwisho akiwa na 23,400, nyuma ya mkutubi kutoka Chicago aliyekuwa na 26,600, na mtu wa tatu akiwa na 11,000. Aliweka 1,399 tu. Wapo waliosema amechoka na ameamua kujiachia.

Fuateni hesabu yake. Aliyeongoza alikuwa na hakika ya kuweka 20,201, ili akipatia awe na 46,801, dola moja juu ya mara mbili ya 23,400. Akipatia, basi Holzhauer ameshindwa hata akiweka kila alichonacho. Akikosea, anabakiwa na 6,399, na aliyebaki wa kuogopwa ni mtu wa tatu, ambaye upeo wake ni 22,000. Toa 1,399 katika 23,400: unabaki na 22,001. Mtu aliyesifiwa kwa ujasiri alikuwa ameona kwamba jibu lake mwenyewe halina tena uzito wowote, na akaweka dau lake juu ya shaka ya mwenzake. Jibu lilikuwa Christopher Marlowe. Mkutubi alilijua, na dau lake lilikuwa 20,201. Holzhauer akatoka mahali pake, akamfuata, wakagonganisha viganja.

Asanteni.