Kumwita Koyote Texas: Upepo Kwanza

Karibuni, ndugu zangu. Tuko magharibi mwa Texas, nje kidogo ya mji wa San Angelo, na jua bado halijatoka. Mtanisamehe naongea chini chini, maana asubuhi ya baridi kama hii sauti ya mtu inafika mbali. Leo tunaanza mwanzo kabisa: namna ya kumwinda koyote kwa kumwita aje mwenyewe.

Koyote ni wa ukoo mmoja na bweha wetu, ila ni mkubwa zaidi. Wengi wana kilo 10 hadi 18. Manyoya yake rangi ya nyasi kavu, masikio yamesimama, na akikimbia anashusha mkia. Huku ni nchi ya mbuzi na kondoo, na wafugaji wanamlalamikia sana, hasa msimu wa kuzaa.

Kabla ya bunduki, karatasi. Texas haifungi msimu wa koyote, lakini leseni ya uwindaji uwe nayo, na ukiwa umezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye, sheria inataka uwe na mafunzo ya wawindaji. Kwa sisi tuliotoka nje kuna la zaidi. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kumiliki bunduki. Mwenye viza ya muda, iwe ya masomo au ya kazi, sheria ya shirikisho inamkataza kwa jumla, na vighairi vyake vina masharti. Hapo usichukue maneno ya rafiki. Muone mwanasheria, kwa sababu kosa la bunduki linaweza kukutoa nchi hii.

Halafu ruhusa ya mwenye ardhi. Karibu ardhi yote ya Texas ni ya watu binafsi, huwezi kuruka uzio tu. Mimi niliingia kwa mlango wa nyama choma. Kila Krismasi tulikuwa tunanunua mbuzi kwa mzee mmoja wa huku, na mwaka mmoja akanionyesha wanambuzi wanne wamelala, shingo zimetobolewa. Nikamwomba nimsaidie, akanipa ufunguo wa geti. Ukipewa ruhusa, uliza jambo hili mapema: mbwa wake wa kulinda mbuzi wako wapi? Hao mbwa wakubwa weupe wanalala humo humo malishoni usiku kucha. Usiweke kidole kwenye triga mpaka uwe umemtambua mnyama mzima, na umeona kilicho nyuma yake.

Vifaa ni vichache. Raifo ya risasi za kipimo cha .223 inatosha kabisa. Kwenye vichaka vizito shotgani ni bora, lakini usimpige akiwa mbali zaidi ya hatua 40. Nguo za mabakabaka, glavu, kitambaa cha kufunika uso, na kipenga cha kuitia.

Nasogeza kamera mkione kipenga chenyewe. Mnaona huu ulimi wa plastiki ulivyo wazi hapa juu? Waliosikia zumari wataelewa upesi. Weka meno ya juu juu ya ulimi, mdomo wa chini ushike kwa chini, kisha puliza kutoka tumboni. Ukibana karibu na ncha, sauti inapanda, nyembamba kabisa. Ukisogea nyuma inakuwa nzito. Sasa changanya: anza juu, shuka, ikatekate, iwe na kwikwi. Unachoigiza ni sungura aliyekamatwa, na sungura anayekufa halii kwa mpangilio. Fanya mazoezi garini wiki mbili kabla hujaja porini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Upepo. Koyote akisikia sungura analia, mara nyingi haji moja kwa moja. Anazunguka mpaka afike upande upepo unakoelekea, ule ambao mabaharia wa kwetu wanauita demani, ili anuse kwanza. Masikio yake unaweza kuyadanganya, macho pia, lakini pua akishaitumia umeshamkosa. Safari zangu tatu za mwanzo sikuona hata mmoja, nikadhani hawapo. Mara ya tatu nilipoinuka nikakuta nyayo mbichi kwenye vumbi, hatua thelathini nyuma ya mgongo wangu. Alikuja, akanusa, akaondoka.

Kwa hiyo nabeba kichupa cha poda ya mtoto. Nakibinya hivi. Tazameni inavyokwenda: inatoka bega la kushoto kwenda la kulia. Basi gari tumeliacha mita 400 huko nyuma, bondeni, milango tumeibana bila kuipiga, na tumetembea bila kupita pale tunapotarajia atokee. Nakaa kivulini mwa mti huu wa mesquite, mgongo umegusa shina, jua litachomoza nyuma yangu. Kulia kwangu, demani, pako wazi kabisa. Akizunguka atapita pale, nami nimwone kabla hajafika kwenye harufu yangu. Kama hakuna sehemu iliyo wazi demani, usiite. Hama lindo.

Tukishakaa, tunatulia dakika tano. Naanza kwa sauti ya chini, pengine yuko karibu tu. Naita nusu dakika, nanyamaza dakika moja au mbili, narudia kwa nguvu zaidi. Macho yanatembea, kichwa hakitembei. Dakika 20 zikipita kimya, tunahama kilomita moja hivi. Vuli ndiyo rahisi kwa anayeanza, kwa sababu watoto wa mwaka huo wanajitegemea na hawajawa wajanja. Januari na Februari ni wakati wa kupandana, na hapo mlio wa koyote mwenzake unawavuta kuliko sungura.

Akitokea anakimbia, inua bunduki pale anapopita nyuma ya kichaka. Kisha bweka kwa mdomo wako, mara moja: "Wof!" Atasimama kuangalia. Lenga nyuma kidogo ya bega, na kama huna uhakika, acha aende. Kumjeruhi mnyama akafie mbali kunaniumiza mimi kuliko kurudi mikono mitupu.

Ukipiga, usisimame. Mara nyingi wako wawili. Puliza kipenga juu kabisa, kama mtoto wa mbwa anayepigwa, na usubiri dakika tano nyingine. Ndipo uende, umevaa glavu za mpira, maana wengi wana upele na viroboto, na kichaa cha mbwa si cha kuchezea.

Haya, kumeanza kupambazuka. Nazima taa ya kamera. Angalieni kulia.